Ndama anahara: kipimo cha haraka, kuotesha, PCR au kupasua mzoga?

Ukipeleka kinyesi cha ndama maabara na karatasi ikarudi imeandikwa "E. coli imeonekana", bado hujajua ndama wako anaumwa nini. Bakteria huyo huishi kwenye utumbo wa kila ndama mzima tangu siku ya kwanza, na ukiotesha kinyesi cha ndama anayerukaruka zizini utampata vilevile. Clostridium perfringens naye yuko hivyo hivyo. Mfugaji anaweza kulipia kipimo, akapewa jina la mdudu, akanunua antibiotiki kwenye duka la agroveti, na ndama akafa kwa kitu kingine kabisa.

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Nairobi na viunga vyake, kuanzia Karen na Dagoretti hadi Ruai na Kasarani, kuna njia tano za kutafuta kama bakteria ndiye anayeharisha: kumkagua ndama kwa macho, mikono na kipimajoto, kipimo cha haraka kinachofanyika pale pale zizini, kuotesha bakteria maabara, PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta jeni za mdudu), na kupasua mzoga. Hapa tunazilinganisha kwa mtu anayetaka kuamua pesa yake iende wapi. Kabla ya kulipia yoyote jiulize mambo mawili: ndama ana umri gani, na jibu likija nitabadilisha nini?

Maji hayangoji kipimo

Ndama anayehara huuawa na kuishiwa maji na chumvi, pamoja na asidi inayojaa kwenye damu, haidhuru kisababishi ni kipi. Ndama wa kilo 40 aliyepungukiwa maji kwa asilimia 8 ana deni la lita 3.2, na bado anaendelea kupoteza. Anayenyonya mpe lita 2 za maji ya elektroliti za ndama kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, katikati ya milo ya maziwa. Maziwa usiyakate, ndama aliyenyimwa maziwa siku mbili anakufa njaa huku akitibiwa. Asiyeweza kunyonya wala kusimama anahitaji dripu ya mshipani siku hiyo hiyo, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Kilicho muhimu kwa upande wa kipimo ni kuchota kinyesi kabla ya antibiotiki ya kwanza. Ukishachota, endelea na tiba.

Umri hupunguza washukiwa

E. coli anayeharisha ndama wachanga ana vinywele vya kujishikiza vinavyoitwa K99, au F5 kwa jina la sasa, na hutoa sumu inayolazimisha utumbo kumwaga maji. Vinywele hivyo hushika vizuri utumbo mdogo wa ndama wa siku 1 hadi 4. Baada ya hapo seli za utumbo hukomaa na mahali pa kushikia hupungua, ingawa virusi vya rota vikiwa vimeharibu utumbo kwa wakati mmoja, E. coli huyu anaweza kusumbua hata siku za baadaye kidogo. Kwa hiyo anayekwambia ndama wa wiki tano "ana E. coli" kwa sababu kinyesi chake ni cheupe, mwombe ushahidi.

Clostridium perfringens aina C hupiga zaidi ndani ya siku 10 za kwanza, na mara nyingi humchukua ndama aliyenenepa na anayenyonya vizuri. Salmonela huonekana zaidi kuanzia wiki ya pili hadi miezi miwili au mitatu. Katikati ya hao kuna wasio bakteria, na ndio wengi: virusi vya rota na korona kuanzia karibu siku ya 5 hadi wiki ya tatu, na vimelea viitwavyo kriptosporidia katika kipindi hicho hicho. Koksidia, kimelea kingine cha utumbo, huhitaji takriban wiki tatu ndani ya mwili kabla mayai yake hayajaonekana kinyesini, kwa hiyo hawezi kulaumiwa kwa ndama wa siku nane.

| Njia | Jibu huja lini | Inachojibu vizuri | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Macho, mikono, kipimajoto | Dakika 10 | Ukali wa ugonjwa. Nani apewe dripu au antibiotiki | Haitaji jina la kisababishi |
| Kipimo cha haraka | Dakika 10 hadi 15 | K99, rota, korona, kriptosporidia | Vingi havipimi salmonela |
| Kuotesha | Siku 1 hadi 2 kwa E. coli, 3 hadi 5 kwa salmonela | Salmonela, na dawa inayomuua | E. coli bila kipimo cha K99 ni karatasi tupu |
| PCR | Siku moja au zaidi, kutegemea foleni | Jeni za K99, za sumu na za salmonela kwa pamoja | Huokota hata kiasi kisicholeta ugonjwa |
| Kupasua mzoga | Macho papo hapo. Maabara siku kadhaa | Klostridia, bakteria kwenye damu, vifo vya ghafla | Mzoga uliokaa haufai |

Macho, mikono na kipimajoto

Njia hii inadharauliwa kwa sababu haina risiti, lakini ndiyo inayoamua kama ndama ataishi. Anza na joto la puruni. La kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Zaidi ya hapo ni homa. Likishuka chini ya 38, mzunguko wa damu unadorora na hali ni mbaya kuliko homa yenyewe. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole, izungushe kidogo, uiachie: ikikaa imesimama zaidi ya sekunde 2 ndama amekauka. Tazama nafasi kati ya tufe la jicho na kona yake. Jicho lililozama milimita 4 na zaidi linakupeleka karibu na ile asilimia 8. Weka kidole safi kilichovaa glavu mdomoni uone kama ananyonya kwa nguvu, anatafuna ovyo, au hafanyi lolote. Gusa masikio na miguu kama ni baridi. Mwisho bonyeza kitovu na viungo vya miguu, kwa sababu kitovu kilichovimba au goti lenye usaha maana yake bakteria wameshaingia kwenye damu na kuhara ni dalili mojawapo tu.

Rangi ya kinyesi isikutawale. Cheupe, cha njano au cha kijani hutegemea sana maziwa na kasi ya utumbo. Vyenye uzito ni damu, kamasi, na vipande vya ngozi ya utumbo. Hivyo vikiwa pamoja na homa, salmonela anapanda juu ya orodha.

Ukaguzi huu pia ndio unaoamua suala la antibiotiki, na uamuzi huo hausubiri maabara. Katika ndama wanaohara na kuzidiwa, takriban asilimia 30 huwa na bakteria kwenye damu. Ndama mwenye homa, aliyelegea, aliyeacha kunyonya au anayetoa damu anastahili antibiotiki ya sindano iliyochaguliwa na daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Ndama mchangamfu, asiye na homa, anayenyonya huku akihara, hana faida ya kupewa. Vidonge vya antibiotiki vya kumeza "kukausha tumbo" kwa ndama wa namna hii huvuruga bakteria wazuri wa utumbo na kuacha nyuma wale sugu, ambao wiki ijayo watamhamia mwenzake wa kizimba cha jirani.

Kipimo cha haraka

Ni ukanda kama wa kupima malaria, ila hutumia kinyesi. Unachota kinyesi kwa kijiko kidogo kilichomo kwenye pakiti, unakitia kwenye chupa ya maji ya kuchanganyia, unatikisa, unaacha vipande vizito vitulie, kisha unadondosha matone au kuchovya ukanda. Unasoma kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi 10. Mstari wa udhibiti usipotokea, kipimo kimeharibika na jibu lolote ulilodhani umeliona si jibu. Ukisoma baada ya nusu saa, mistari hafifu hujitokeza yenyewe na kukudanganya.

Nguvu yake kubwa ni kwa ndama wa siku 1 hadi 5. Kuhara majimaji, ndama baridi, K99 inasoma chanya: hapo unaweza kusimama. Umeshapata bakteria mwenyewe pamoja na silaha yake, jambo ambalo kuotesha kwa kawaida hakukupi. Na jibu hilo linabadilisha kitu, kwa sababu kuna chanjo ya kumdunga mama katika miezi ya mwisho ya mimba, na kinga yake ndama huipata kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.

Faida yake ya pili ni ya kinyume: kinaonyesha pale ambapo bakteria hahusiki. Ndama wa siku 9 mwenye kriptosporidia au rota na asiye na homa amekuokolea antibiotiki. Katika makazi yenye ndama wengi waliobanana, hilo peke yake linaweza kulipa gharama ya kipimo.

Makosa ya kipimo hiki yanajulikana. Kinyesi cha majimaji sana kina antijeni (sehemu za kijidudu ambazo ukanda hutafuta) iliyochujuka, kwa hiyo chota zaidi ya kijiko kimoja ikiwa maelekezo yanaruhusu. Ndama aliyehara siku tatu ameshamwaga sehemu kubwa ya vijidudu, kwa hiyo pima ndani ya saa 24 za mwanzo. Ndama aliyekunywa dang'a yenye kinga nyingi, hasa mama akiwa amechanjwa, anaweza kuwa na kingamwili utumboni zinazofunika antijeni na kufanya ukanda usome hasi. Na pakiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani imeshavuka joto lililoruhusiwa. Soma kwenye boksi kama inahitaji friji au joto la kawaida la chumba.

Kosa kubwa kuliko yote ni la tafsiri. Vipimo vingi vya aina hii havina mstari wa salmonela. Ndama wa wiki nne mwenye homa na damu kinyesini akisoma hasi kwenye mistari yote minne, salmonela hajaondolewa hata kidogo. Watu husoma "hasi" wakadhani bakteria hakuna.

Wakati mwingine mistari miwili husoma chanya, kwa mfano K99 na rota. Usishtuke. Maambukizi mchanganyiko ni ya kawaida kwa ndama, na tiba ya maji ni ile ile.

Kuotesha bakteria

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo pia jibu lenye thamani kubwa hupatikana, kutegemea unamtafuta nani.

Ukimtafuta E. coli, maabara hupaka kinyesi kwenye agari (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) ya MacConkey na kukiweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Makundi ya rangi ya waridi huota. Hadi hapo umethibitisha kwamba ndama ana utumbo. Ili jibu liwe na maana, makundi hayo lazima yapimwe kama yana F5, na F5 haichomozi vizuri kwenye agari za kawaida. Kuna agari maalumu, inayoitwa Minca, inayoichochea ionekane. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza swali moja: "Mkimpata E. coli, mtapima F5, yaani K99?" Wakisema hapana, usipeleke kinyesi cha ndama wa siku tatu kwa kuotesha, tumia kipimo cha haraka au tafuta PCR.

Pia usiombe kipimo cha usugu wa dawa kwa E. coli wa kawaida wa kinyesini. Maabara itakupa orodha nzuri ya dawa zenye alama ya "inamuua", lakini orodha hiyo inamhusu mkazi halali wa utumbo. Haikwambii dawa gani itamponya ndama, kwa sababu huenda mgonjwa halisi ni virusi. Kipimo cha usugu kina maana kwa salmonela, na kwa E. coli aliyepatikana mahali asipopaswa kuwa: kwenye damu, kwenye kiungo kilichovimba, au kwenye ini na wengu wa mzoga mbichi.

Kwa salmonela mambo hugeuka. Huyu si mkazi halali, na akionekana ana uzito. Lakini ni mgumu kumnasa. Hutoka kinyesini kwa vipindi, na huzidiwa idadi na bakteria wengine, hivyo maabara kwanza humlisha kwenye mchuzi wa kuchagua, kama seleniti au Rappaport-Vassiliadis, kwa karibu siku nzima. Kisha humpaka kwenye agari kama XLD, ambako salmonela wengi huonekana wekundu wenye kitone cheusi katikati. Halafu vinafuata vipimo vya kikemia na vya kuganda na seramu ili kujua ni aina gani. Siku 3 hadi 5 zinaisha hapo, na maabara inayokupa jibu la salmonela kesho yake kwa kuotesha imeruka hatua.

Kijiti cha pamba kilichopakwa kinyesi ni kidogo mno kwa kazi hii. Peleka gramu 10 hadi 25 za kinyesi chenyewe. Jibu hasi la ndama mmoja halitoshi. Chota kwa ndama watano au sita wanaohara na ambao hawajatibiwa, na uiulize maabara kama inakubali kuchanganya sampuli ili gharama ipungue. Salmonella Dublin ana usumbufu wa ziada. Humletea ndama homa, pumzi za haraka na udhaifu kuliko kuhara kwenyewe, na kwenye kinyesi ni mgumu zaidi kuota kuliko Typhimurium, aina nyingine ya salmonela. Ukimshuku huyo na kinyesi kinasoma hasi, damu au mzoga vitakufaa zaidi.

Ukipata salmonela, jibu hilo linabadilisha mengi: nani akamue na nani ahudumie wagonjwa, ng'ombe wakubwa wanaobeba bila kuugua, na watu wa nyumbani. Salmonela humwingia binadamu. Watoto wasiingie kwenye kizimba, maziwa yachemshwe, glavu na gambuti visiingie jikoni. Kriptosporidia naye huambukiza watu, kwa hiyo fanya hivyo hata kabla ya jibu.

PCR

PCR husoma jeni. Maabara yenye seti inayofaa inaweza, kwa sampuli moja, kutafuta jeni ya F5, jeni ya sumu ya E. coli, jeni ya salmonela, sumu za klostridia, na virusi pia. Kwa kuwa haihitaji bakteria aliye hai, inaweza kufaa hata kama jirani mwenye sindano alikutangulia na kumdunga ndama antibiotiki jana yake. Inavumilia sampuli iliyogandishwa, jambo linalosaidia ukichota Ijumaa jioni.

Udhaifu wake unatokana na ukali wake. Huokota vipande vichache vya jeni za mdudu aliyepita tu. Ndiyo maana usipokee jibu la "chanya" peke yake. Omba namba ya mzunguko, ile wanayoiita Ct. Namba ndogo maana yake wadudu ni wengi, kubwa maana yake ni wachache. Salmonela kwenye Ct 18 na salmonela kwenye Ct 37 ni habari mbili tofauti kwa ndama aliye mbele yako. Tena PCR ya Clostridium perfringens isiyotaja jeni za sumu haina thamani zaidi ya ile karatasi ya E. coli tuliyoanza nayo. Na PCR haikupi bakteria wa kupimia dawa. Salmonela akionekana, bado utahitaji kumwotesha.

Kwa maoni yetu PCR ni ya mfugaji mwenye ndama wengi wanaorudia kuhara msimu baada ya msimu, na anayetaka kujua mchanganyiko wa visababishi ili apange chanjo na usafi. Kwa ndama mmoja wa nyuma ya nyumba Kangemi, fedha hiyo inunue elektroliti.

Kupasua mzoga

Ndama akifa, mzoga wake unaweza kueleza yale ambayo kinyesi kilishindwa, hasa kwa klostridia na kwa bakteria waliosambaa kwenye damu. Lakini kuna sharti la kwanza. Mnyama aliyekufa ghafla na kutokwa na damu isiyoganda puani, mdomoni au puruni asipasuliwe mpaka daktari aondoe shaka ya kimeta. Kimeta kipo Kenya, huua watu, na kisu kikishafungua mzoga, mbegu zake hubaki kwenye udongo miaka mingi.

Kimeta kikiondolewa, saa ndiyo adui. Ukuta wa utumbo huanza kuoza ndani ya dakika chache baada ya kifo, na kwa uchunguzi wa hadubini vipande vichukuliwe ndani ya nusu saa hivi. Ndama mahututi ambaye daktari ameamua kumpumzisha hutoa sampuli bora kuliko aliyekutwa amekauka asubuhi.

Daktari atafunga kipande cha sentimita 10 cha mwisho wa utumbo mdogo kwa uzi pande zote mbili na kukikata kikiwa na uchafu wake ndani. Vipande vya kuotesha ni tezi za limfu za utumbo, ini, wengu, mapafu na kifuko cha nyongo. Hiki cha mwisho hufaa sana kwa salmonela. Kila kimoja kiwe kwenye chombo chake, kwa sababu utumbo ukigusa ini, ini litaotesha kila kitu. Vipande vya hadubini viwe vyembamba na viingie kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya nyama.

Kwa klostridia aina C, utumbo huwa mwekundu mzito hadi zambarau, na ndani una damu. Sumu yake ya beta huvunjika upesi, kwa hiyo uchafu wa utumbo upozwe au ugandishwe mara moja na maabara iambiwe itafute sumu, si bakteria tu.

Kipimo cha pembeni ambacho wengi hukiruka

Ndama wa siku 1 hadi 7 akichotwa damu, seramu yake ikawekwa kwenye refraktomita (kifaa cha mkononi kinachopima uzito wa kimiminika kwa mwanga), unajua kama alipata dang'a ya kutosha. Protini chini ya gramu 5.1 kwa desilita, au chini ya 8.1 kwenye Briksi (kipimo kingine cha refraktomita), inaonyesha kinga haikupita. Ndama aliyekauka kwa kuhara husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo pima wenzake wazima wa umri huo. Haitaji bakteria yeyote, lakini ndama wanne kati ya sita wakisoma chini, unajua tatizo lilianza kwenye chupa ya kwanza ya dang'a, na hakuna jina la mdudu litakalolirekebisha. Refraktomita hiyo hiyo hupima dang'a: Briksi 22 na kuendelea inafaa.

Uchague ipi?

Ndama wa siku 1 hadi 5, majimaji, hana homa au ni baridi: kipimo cha haraka chenye K99, na refraktomita kwa wenzake. Kuotesha ni kupoteza.

Siku 6 hadi wiki ya tatu, mchangamfu, hana homa: kipimo cha haraka, au hata usipime chochote ikiwa ni mmoja tu. Akiwa amelegea na ana homa, mtibu kama mwenye bakteria kwenye damu, na daktari akiweza achote damu ya mshipa wa shingo kwa usafi kabisa kwa ajili ya kuotesha.

Wiki mbili hadi miezi mitatu, homa, damu, kamasi: kuotesha salmonela kwa ndama kadhaa, na mayai ya koksidia yahesabiwe kwenye sampuli hiyo hiyo kwa wale waliovuka wiki tatu. Hapa kipimo cha haraka kitakuchelewesha.

Vifo vya ghafla vya ndama wanene: mzoga, haraka, na daktari.

Na ikiwa fedha ni ya kipimo kimoja tu kwa zizi zima, isubiri ndama wa kwanza anayefuata kuhara, mpime yeye ndani ya saa 24 kabla ya dawa. Usiitumie kwa yule aliyedungwa dawa tatu na kuhara wiki nzima. Kinyesi chake hakina tena habari.

Kuchota na kufikisha Kabete

Vaa glavu, chezesha kidole puruni, ndama atatoa kinyesi chenyewe. Gramu 20 hadi 30 kwenye chombo safi kikavu chenye kifuniko cha kusokota. Kile cha kukusanyia mkojo cha duka la dawa kinafaa. Chupa iliyooshwa kwa jiki haifai, kwa sababu jiki huua unachotafuta. Usikijaze hadi juu, gesi itafyatua kifuniko. Usiokote kilichoanguka chini, utaotesha sakafu.

Weka kwenye boksi la barafu, na kati ya barafu na chombo tia magazeti mawili matatu, kwa sababu kinyesi kilichoganda huharibika kwa kuotesha na kwa kuhesabu vimelea. Lenga nyuzi 4 na kufika ndani ya saa 24. Mkoba mweusi wa bodaboda kutoka Ruai hadi Waiyaki Way saa saba mchana ni tanuri. Kwenye joto hilo bakteria wa kawaida huzaliana na kumfunika salmonela. Friji ya chakula cha familia isitumike.

Maabara Kuu ya Mifugo iko Kabete, na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete. Piga simu kwanza uulize kipimo gani kinafanyika wiki hiyo, bei, na kama vitendanishi vipo. Chota Jumatatu hadi Alhamisi, maana sampuli ya Ijumaa jioni itakaa hadi Jumatatu.

Kwenye fomu andika umri kwa siku, siku ya kuhara ilipoanza, joto la mwili, dawa zote alizopewa na saa zake, wangapi wanahara kati ya wangapi, wangapi wamekufa, mama alichanjwa nini, na ndama alizaliwa hapo au alinunuliwa. Kisha taja kwa jina unachotaka kitafutwe: "E. coli F5", "salmonela, na kipimo cha usugu akipatikana", "sumu za klostridia". Fomu iliyoandikwa "kuhara, tafadhali pimeni" itafanyiwa kipimo cha kawaida cha siku hiyo, na kwa ndama cha kawaida mara nyingi ni ile MacConkey yenye makundi ya waridi.